Giligilani ni Kiungo Hata Ukiipanda

Kijana mmoja wa kikundi cha wakulima hapa Mtae alinijia na bahasha mbili za kaki. "Shikamoo mzee. Muuzaji ni mmoja, na zote mbili kaniandikia mbegu. Sasa wakala wa Tanga ananiambia hii haina ushuru na hii nyingine ina ushuru mkubwa. Si ananiibia huyu?" Nikaitikia marahaba, nikaomba sinia jikoni.

Tukazimwaga. Upande mmoja karoti: vipande bapa, vyepesi, rangi ya udongo mkavu, ukivipulizia vinaruka. Upande wa pili giligilani: viduara vya rangi ya nyasi kavu, vyenye mistari kutoka juu hadi chini. Nikamwambia achukue kimoja akisugue kwa kidole gumba. Kikapasuka katikati na harufu ya pilau ikatufikia wote wawili. "Hiyo harufu ndiyo iliyokupandishia ushuru," nikamwambia. Wakala hakuwa mwizi.

Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha Tanga kabla sijarudi kulima huku juu, na swali la yule kijana nimelijibu mara nyingi kuliko jingine lolote. Nawe ukitaka kuagiza viungo vya duka au mbegu za shamba kutoka nje ya nchi, soma haya kabla hujatuma hela, maana mzigo ukishafika bandarini kila siku ya mabishano ina gharama yake ya ghala.

Anza na neno lenyewe. Mkulima wa Lukozi au Sunga akisema "mbegu" huenda ana maana ya viazi vilivyochipua, au kipande cha tangawizi chenye macho, au punje za kitunguu saumu, au maharage aliyoyabakiza msimu uliopita, au pakiti ya kabichi ya dukani. Kwake vyote ni mbegu kwa sababu vyote vinakwenda ardhini. Forodha haianzi na vinakokwenda. Inaanza na kitu chenyewe: ni nini, na kiko katika hali gani, kibichi, kikavu, kizima au kimesagwa.

Kitabu wanachokitumia kimejengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, ule unaojulikana kwa herufi HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na ulioanza kutumika mwaka 1988. Kila bidhaa ina namba. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kifungu kidogo, na hadi hapo dunia karibu nzima inasoma namba moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza tarakimu mbili, zikawa nane, na mbele ya kila namba kimeandikwa kiwango cha ushuru. Kitabu hicho ni kimoja kwa Tanzania, Kenya na Uganda tangu umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, na wenzao wa Jumuiya waliingia baadaye.

Viungo vingi unavyovijua viko Sura ya 9, pamoja na kahawa na chai. Pilipili manga na pilipili kavu ya kuwasha ziko 0904, ingawa kwa ukoo wa mimea hazihusiani hata kidogo. Vanila 0905, mdalasini 0906, karafuu 0907. Kungumanga, basibasi na iliki zimekaa pamoja 0908. Kichwa 0909 ndicho cha vile tunavyoviita vya kunukia vya punje: giligilani, jira, shamari na ndugu zao. Kisha 0910 inabeba tangawizi, manjano, zafarani, uwatu na mchanganyiko.

Mbegu za kupanda ziko Sura ya 12, kichwa 1209, na za mboga zina kifungu chake, 1209.91. Humo ndimo zinamoingia karoti, kabichi, nyanya, vitunguu maji, spinachi. Mpaka hapa hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye maelezo yaliyochapwa mwanzoni mwa sura, kwa herufi ndogo, ambayo watu wengi huyaruka wakakimbilia namba. Maelezo hayo ni sheria kamili, na yana nguvu kuliko kichwa cha habari cha sura.

Maelezo ya tatu ya Sura ya 12 yanasema hivi kwa lugha yetu: kichwa 1209 hakipokei vitu vifuatavyo hata kama ni vya kupanda. Mikunde, hiyo ibaki Sura ya 7. Viungo na bidhaa nyingine za Sura ya 9. Nafaka, zibaki Sura ya 10. Na mazao ya mafuta kama soya, karanga, alizeti na ufuta, pamoja na mimea ya dawa na manukato ya kichwa 1211. Rudia yale maneno "hata kama ni vya kupanda". Hayo ndiyo yaliyomkuta kijana wetu. Karoti na giligilani ni za familia moja ya mimea. Ukiziacha zichanue shambani, maua yake utayaona yanafanana kama miavuli. Lakini karoti hailiwi punje yake, kwa hiyo punje ile haina kazi nyingine ila kupandwa. Giligilani punje yake ni kiungo, na itabaki kiungo, 0909.21, hata ungeiandika kwenye gunia kwa rangi nyekundu kwamba ni ya shamba.

Pitia na mazao yako mengine kwa jicho hilo. Tangawizi ya kupanda ni 0910.11, sawasawa na ya chai, iwe mbichi au kavu, mradi haijapondwa wala kusagwa. Kitunguu saumu kibichi ni mboga, 0703.20, ukakipande au ukakikaange. Maharage ya mbegu ni 0713 pamoja na ya kula. Viazi mbegu wamevitengea kifungu, 0701.10, na mahindi ya mbegu vilevile, 1005.10, hapo kitabu kimekubali kwamba matumizi yana maana, lakini ndani ya sura ileile ya viazi na ileile ya nafaka. Mnanaa, mrehani na rozmari, ambazo mama wengi huzihesabu viungo, forodha huziweka 1211, na mbegu zake zinazifuata huko. Miche na vikonyo vya vanila au pilipili manga ni mimea hai, 0602, habari nyingine kabisa.

Pilipili ndiyo yenye vituko. Ile mbichi ni mboga, 0709.60. Ikikauka inageuka kiungo, 0904.21, na ikisagwa 0904.22. Ila mbegu zake za kupanda, zile bapa za rangi ya krimu kwenye pakiti, zinarudi 1209.91 pamoja na nyanya, kwa sababu kiungo kinachotajwa Sura ya 9 ni tunda la pilipili, na punje iliyotengwa kwa kupanda ni mbegu ya mboga. Mmea mmoja, vichwa vitatu.

Sasa majina. Hapa naomba uniamini kwa sababu nimelipia. Miaka ile nilijaza tamko la forodha la mteja aliyeagiza magunia ya jira, nami nikaandika "bizari", maana ndivyo nilivyozoea kusikia nyumbani kwa mama mkubwa wangu aliyeolewa pwani, na yeye akisema bizari nyembamba alimaanisha jira, ambayo wengine huiita uzile. Afisa aliyepokea karatasi alikuwa mtu wa bara. Kwake bizari ni ule unga wa njano wa mchuzi. Akaniwekea namba ya mchanganyiko, mzigo ukashikwa ukaguliwe, na mimi nikatumia siku tisa kupanda na kushuka ngazi nikieleza kwamba bizari yangu si bizari yake. Gharama ya ghala nililipa mwenyewe. Ningemwambia nini mteja?

Bizari peke yake inaweza kuwa jira, 0909.31. Inaweza kuwa manjano, 0910.30. Inaweza kuwa unga wa mchuzi, 0910.91. Na hoho ukiisema Unguja ni ya kuwasha, ukiisema Lushoto ni ile kubwa isiyowasha. Kwa hiyo kwenye ankara mwambie muuzaji aandike jina la Kilatini: Cuminum cyminum kwa jira, Coriandrum sativum kwa giligilani, Piper nigrum kwa pilipili manga, Daucus carota kwa karoti. Halafu aongeze hali yake: nzima, imepondwa, imesagwa, kavu, mbichi. Kwa mdalasini jina ni la lazima zaidi, maana ule wa asili ya Ceylon, Cinnamomum zeylanicum, una kifungu chake 0906.11, na magome mengine yote yanayouzwa kwa jina la mdalasini yanakwenda 0906.19. Maneno "spishi mbalimbali" au "mbegu za aina aina" ni mwaliko wa kufunguliwa mzigo.

Kuhusu mchanganyiko, kanuni iko mwanzoni mwa Sura ya 9 na si ngumu. Ukichanganya viungo vya kichwa kimoja, vinabaki kichwa hichohicho: jira na giligilani pamoja ni 0909. Ukichanganya vya vichwa tofauti, kama masala ya pilau yenye pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki na jira, vyote vinahamia 0910.91. Chumvi kidogo haibadilishi kitu maadamu mchanganyiko umebaki kiungo kwa tabia yake. Lakini ikiwa ni vile vipakiti vya kukoleza mchuzi ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, wanga na vionjo, umeshatoka Sura ya 9. Hivyo ni 2103 pamoja na sosi. Kipimo changu cha mezani ni kuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi ikitangulia viungo, omba orodha ya viambato na asilimia zake kabla hujaandika namba yoyote. Afisa hataonja, ataisoma orodha hiyo.

Kwa nini namba ichoshe watu hivi? Pesa. Tangu 1 Julai 2022 Jumuiya ina ngazi nne za ushuru wa pamoja: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Ngazi ya 35 iliongezwa mwaka huo, na viungo vikatajwa miongoni mwa makundi yanayoingia humo, pamoja na kahawa na chai, ili kulinda kinacholimwa huku kwetu. Mbegu za mboga za 1209 ziko sifuri. Fanya hesabu ya mfano. Mzigo wenye thamani ya shilingi 4,000,000, ukijumlisha bei, bima na nauli hadi bandarini, ukiwa ngazi ya 35 unalipa ushuru 1,400,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pale inapohusika, inahesabiwa juu ya 5,400,000, siyo juu ya zile 4,000,000 za mwanzo, nayo inakuwa 972,000. Zipo tozo nyingine ndogo ndogo juu yake. Mtu anayekosea kichwa kimoja anakosea hesabu yote ya msimu.

Usitegemee kiwango ulicholipa mwaka jana. Kila mwaka wa fedha unapoanza, Julai, gazeti rasmi la Jumuiya hutangaza nchi ipi imeomba kutoza kiwango tofauti kwa bidhaa ipi, na kwa muda gani. Namba ya HS inakaa miaka, kiwango kinaweza kubadilika usiku mmoja. Na kabla hujaagiza iliki au mdalasini, kumbuka kwamba Usambara ya Mashariki, kule Amani na Muheza, wanalima vyote viwili, na tangawizi unaipata Mamba Miamba, upande wa Same. Mzigo huo hauvuki mpaka wowote.

Usishawishike kuficha. Kuna wanaopewa ushauri wa kuiandika giligilani "mbegu za mboga" ili ipite sifuri. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 203, inaweka kwa tamko la uongo kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Karatasi zako unatakiwa kuzitunza miaka mitano, na wanaweza kuja kuzikagua mzigo ukiwa umeshaliwa. Njia halali ipo: Jedwali la Tano la sheria hiyohiyo, linaloorodhesha misamaha, linataja mbegu za kupanda zilizoandaliwa maalumu na kupendekezwa na mamlaka ya kilimo. Namba yako inabaki ya kiungo, lakini unaomba msamaha ukiwa na barua mkononi. Mwambie wakala alifuatilie hilo kabla mzigo haujapakiwa.

Kenya je? Siku isiyo na ukungu, ukisimama kwenye ukingo hapa Mtae unaona nyika ya Mkomazi chini yako na Kenya nyuma yake, na ni rahisi kudhani kwamba kilichotoka karibu hivyo hakina maneno. Kilicholimwa na kuvunwa Kenya kikija na cheti cha uasili hakitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, kuna cheti chepesi kinachotolewa mpakani penyewe, Horohoro au Holili. Lakini mbegu iliyotoka Uholanzi au India ikafungwa upya Nairobi haiwi ya Kenya kwa sababu ya pakiti. Kufungasha tu hakuzai uasili. Geuza pakiti, soma nchi ilikozalishwa. Wengi huishia kwenye picha ya nyanya na jina la kampuni.

Vibali navitaja kwa haraka, ingawa bila hivyo namba sahihi haikusaidii. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inatoa kibali cha kuingiza, na unakiomba kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, kisha nchi inayouza inatoa cheti cha afya ya mimea. Kwa mbegu za kupanda kuna pia TOSCI ya Morogoro, inayothibitisha ubora chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003. Kwa viungo vya kuliwa, Shirika la Viwango, TBS, lililopokea usalama wa chakula mwaka 2019. Kwa hawa wote matumizi ndiyo swali la kwanza, kinyume cha forodha. Giligilani ileile inayoitwa kiungo na watu wa forodha wa Mamlaka ya Mapato, TRA, TOSCI wataiuliza kama itaota, na TPHPA watataka kujua kama inakwenda shambani au chunguni. Kwa hiyo kwenye cheti cha afya iandikwe wazi "ya kupanda" ikiwa ni ya kupanda, na usiogope kwamba karatasi mbili zinapingana. Zinajibu maswali mawili. Tena mbegu iliyotiwa dawa, ya rangi ya waridi au buluu, hata kwa bahati mbaya isikaribie duka la vyakula.

Ukiwa na shaka, usibahatishe. Unaweza kuiomba TRA uamuzi wa awali wa kimaandishi juu ya namba ya bidhaa yako kabla hujaagiza. Peleka sampuli, jina la Kilatini, hali ya bidhaa, na orodha ya viambato kama ni mchanganyiko. Mimi sampuli nazigawa mara mbili: nusu naipeleka, nusu naifunga kwenye bahasha, naandika tarehe na namba ya ankara, naitunza mpaka miaka mitano ipite. Mara mbili bahasha ya namna hiyo imemaliza ubishi ambao maneno matupu yasingeumaliza.

Na ikitokea afisa ameshaamua, nawe unaona amekosea, usigombane naye dirishani. Lipia, au weka dhamana, utoe mzigo, kisha andika. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie uamuzi. Naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Akinyamaza mpaka zikaisha, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 45 za kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Kwenye barua usilalamikie ugumu wa maisha ya mkulima. Taja kichwa unachokitaka, taja maelezo ya sura yanayokuunga mkono, ambatisha cheti na picha ya bidhaa.

Siku hizo 30 zinaanza tarehe ya uamuzi, siyo siku karatasi ilipokufikia huku juu mlimani. Basi la kushuka linaondoka Mtae kabla ya alfajiri. Panda nalo mwenyewe, usimpe utingo barua. Beba nakala mbili, na usitoke ofisini mpaka ya kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka.